Maji ya Mchele

Wewe Noy hujajua bado kusikiliza,
ndiyo maana nakuambia wewe.

Ulikuwa ukilia, na hatukusikia kitu.
Kinywa wazi, uso umeiva,
mishipa ya shingo imetutumka
kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto,
na ndani ya kinywa hicho, kimya.
Mama yako akakutikisa kidogo,
kama saa iliyosimama.

Wiki nane alikuwa amelala kando ya moto,
mgongo umeelekea makaa, kama tulivyolala sote.
Mimi ndiye niliyempikia.
Mkamwana wangu Sengdeuan hakuwahi kulalamika.
Wali wa kunata, chumvi ya kukaanga, tangawizi.
Samaki asiye na magamba, hapana.
Nyama ya nyati mweupe, hapana.
Majani ya bustanini, hapana, yatapoza maziwa.
Nilimhesabia miiko kwa vidole
kama nilivyohesabiwa mimi,
vidole vikaisha, nikarudia mkono wa kwanza.

Na mchele, Noy. Mchele niliuosha!
Niliuloweka usiku kucha,
alfajiri nikamwaga maji, nikatia mengine,
nikasugua, nikamwaga, nikasugua
mpaka ningeweza kuona kucha zangu chini ya sufuria.
Mzazi hapewi uchafu.
Yale maji meupe nikayapeleka horini.
Pumba za mashine ya Khamsouk, horini pia.
Mwaka ule watu walisimama njiani
kuwasifu nguruwe wangu.

Baba yako alitupakia kwenye pikipiki,
mama yako kati, wewe kifuani mwake, mimi nyuma,
matope mpaka magotini.
Nilikuwa nimeshakufunga nyuzi nyeupe mikononi.
Nilikuwa nimeshamwita mzimu wa msitu kwa jina
na kumwahidi kuku.

Muuguzi Daovone, msichana mdogo, kalamu sikioni,
hakuuliza habari za mzimu.
Aliuliza, "Mama anakula nini?"
Nikajibu mimi. Nilijibu kwa fahari.
Nilimweleza hata idadi ya maji.

Hakunicheka. Afadhali angecheka.
Alikuchoma sindano pajani,
akachora kwenye karatasi punje ya mpunga,
akaipaka rangi ngozi yake ya nje,
akasema nguvu ya mtoto imekaa hapa,
hapa penye kahawia, na ndani ya yale maji;
mama akiikosa, maziwa yake huikosa,
moyo wa mtoto huchoka, koo hufunga.
Niliitazama ile punje.
Niliona hori.

Usiku ule sikulala. Kwenye benchi la zahanati
nilihesabu kitu kingine kwa vidole.
Kabla ya baba yako niliwazika wawili.
Wa kwanza hakuwa amepewa jina.
Wa pili tulimwita Kèo, alikuwa na miezi miwili u nusu,
mnene, wa kupendeza, hakuna aliyesema ana njaa.
Naye alilia hivyo hivyo, kinywa wazi.
Tulisema sauti yake imechukuliwa.
Nikanyamaza nisiwaudhi waliochukua.
Nikaendelea kuosha mchele.

Alfajiri ukatoa mlio,
mkwaruzo, kama mlango wa ghala.
Kisha mwingine.
Kisha ukalia wodi nzima ikaamka,
mzee mmoja akatukana,
na mama yako akacheka huku kamasi zinamtoka.
Mimi nilitoka nje. Nilisema naenda kutema tambuu.

Sasa kuna yai. Kuna samaki yeyote, na ngozi yake.
Sengdeuan anakula majani, nami natazama pembeni,
kwa maana macho hayafundishwi siku moja.
Mchele nauosha mara moja.
Maji ya kuloweka napikia supu.
Mkono wangu bado unaitaka ya pili:
unashika sufuria, unaiinamisha,
na nguruwe, wakisikia chuma, wanakuja mbio
na kunyanyua pua zao,
wananingoja.

Lia, Noy. Majirani watazoea.